Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi chuo kikuu

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila vyuo vikifunguliwa, kwa simu, kwa WhatsApp, na kwa mzazi aliyepanda basi usiku kucha akaja kuuliza mwenyewe. Majibu yanahusu vyuo vya Tanzania, zaidi vya serikali, na ni mtazamo wa mtu aliyekaa ndani ya hizi ofisi, sio tamko la chuo chochote. Kanuni ndogondogo zinatofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo kile kijitabu cha sheria ndogo ulichopewa siku ya usajili kisome, usikiweke chini ya godoro.

## Ofisi yenyewe

1. Mshauri wa Wanafunzi ni nani na kazi yake hasa ni nini?

Ni mkuu wa kila kitu cha mwanafunzi kisichofanyika darasani. Malazi, afya, ushauri nasaha, michezo, mikopo (kwa maana ya kuunganisha chuo na Bodi ya Mikopo, HESLB), serikali ya wanafunzi, nidhamu, wanafunzi wenye ulemavu, wanaotoka nje ya nchi, mambo ya ibada, na misiba. Kuna vyuo wanamwita Mlezi, kuna vyuo wana kurugenzi nzima ya huduma za wanafunzi, kazi ni ileile. Chini yake kuna maafisa mikopo, washauri nasaha, wadeni (wasimamizi) wa mabweni na mama mmoja wa mapokezi ambaye kwa uzoefu wangu ndiye anayejua kila kitu, ukimkasirisha huyo umekwisha.

Sapu (mtihani wa marudio), kerio (somo unalolibeba mwaka unaofuata), GPA, hayo ni ya idara na kitivo. Ila ukifuatilia mtu aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, unakuta stori yake ilianza mbali na darasa, alikosa hela ya kula, au alikuwa anauguza mzazi, au amepanga chumba (geto) mbali anafika kipindi cha saa moja kimeisha. Ndio maana hatuwezi kusema hayatuhusu.

2. Sasa serikali ya wanafunzi inafanya nini kama kazi yote ni ya Mshauri?

Rais wa wanafunzi amechaguliwa, Mshauri ameajiriwa, hiyo ndio tofauti kubwa. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna DARUSO, kila chuo kina yake, na kitaifa kuna TAHLISO inayounganisha serikali hizo. Waziri wa mikopo wa wanafunzi kazi yake ni kukusanya malalamiko na kuyasukuma mpaka yasikike, hawezi kukuwekea hela kwenye akaunti hata akiahidi kwenye kampeni, na wanaahidi kweli.

Ofisi yenye akili inawatumia hawa vijana kama macho yake. Ofisi isiyo na akili inawaita siku mambo yameshaharibika ili wakatulize watu, na hapo wanatukanwa na pande zote mbili.

3. Mshauri yuko upande wa nani, wetu au wa utawala?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote na huwa linaulizwa kwa hasira. Mshahara wake unatoka kwa utawala, anaripoti kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni mwanaharakati wa wanafunzi. Lakini pia ndiye mtu pekee kwenye kikao cha menejimenti ambaye kazi yake ni kusema jamani hili tangazo likitoka hivi wanafunzi mia tatu hawana pa kulala Jumatatu. Kama hasemi hivyo kwenye kikao, hata akiwa mpole kiasi gani akikutana na nyie korido, hafanyi kazi yake.

Mimi nawapima hivyo. Sio anavyoongea na wanafunzi, bali anavyoongea na wakubwa zake kuhusu wanafunzi.

## Falsafa ya uongozi

4. Mnaposema "falsafa ya uongozi" kwenye ofisi kama hii mnamaanisha nini, si ni maneno ya kwenye mission tu?

Mara nyingi ndiyo, ni maneno ya ukutani. Lakini kila Mshauri ana falsafa hata kama hajaiandika, unaiona kwenye anachofanya mtu akigonga mlango. Kuna wa aina ya askari, swali lake la kwanza ni "una kitambulisho?" Kuna wa aina ya mzazi, anakukaribisha, anakupa ushauri wa nusu saa, unatoka umefarijika ila tatizo liko palepale. Na kuna wa aina ya mtumishi, huyu anaandika jina lako, ananyanyua simu mbele yako anampigia anayehusika, halafu anakwambia rudi Alhamisi, na Alhamisi ukirudi kweli kuna jibu, hata kama jibu ni hapana.

Kwetu hapa msingi wa huyu wa tatu upo zamani sana. Ahadi za mwana-TANU zilikuwa na ile ya cheo ni dhamana, na Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ukaenda mbele zaidi ukawakataza viongozi majivuno na ubabe kwa wanaowaongoza. Watu wanadhani hayo ni ya mashambani na viwandani tu, kumbe moto wake uliwaka mpaka chuoni (angalia swali la 6).

5. Mwanafunzi wa chuo si mtu mzima? Mbona mnataka kumlea?

Ni mtu mzima. Anapiga kura, anaweza kuoa, anaweza kufungwa. Lakini ukweli wa pili ni kwamba wengi wanafika wakiwa na miaka 19 au 20, wametoka bweni la sekondari ambako walipigiwa kengele ya kuamka, ya kula na ya kulala, halafu ghafla wanakabidhiwa laki sita mkononi katikati ya Dar es Salaam. Kulea mtu wa hivyo sio kumchunga, ni kumpa taarifa kabla hajazihitaji.

Zamani vyuo vingi duniani vilijiona viko mahali pa mzazi, yaani wanaweza kukufukuza bila hata kukusikiliza, kama baba anavyoweza kukuambia toka kwangu. Marekani wazo hilo lilipigwa vizuri mwaka 1961 kwenye kesi ya Dixon, wanafunzi weusi wa Alabama waliofukuzwa kwa sababu ya maandamano ya kudai kuhudumiwa mgahawani, mahakama ikasema chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa taarifa na nafasi ya kujieleza. Kwetu haki hiyo imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6), na inahusu kesi za nidhamu za chuo pia (swali la 17).

Wazazi hapa ndipo tunapogombana nao. Mzazi anapiga simu anataka matokeo ya mwanae, anasema mimi ndiye nalipa ada. Shikamoo mzee, nakuelewa kabisa, lakini mwanao ni mtu mzima na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, siwezi kukusomea matokeo yake kwenye simu. Mwambie akuonyeshe mwenyewe. Wengine wanakata simu kwa hasira, wengine wanacheka wanasema haya mwanangu.

6. Migomo ya zamani ina uhusiano gani na uongozi wa leo?

Mkubwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya JKT, Mwalimu Nyerere akawasikiliza halafu akawafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara na yeye. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Simon Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kumkosoa Makamu Mkuu wa Chuo akitumia roho ya ule Mwongozo, polisi wa FFU wakaja wakambeba wakamtoa chuoni akarudishwa Nairobi, na chuo kizima kikasimama. Mwaka 1978 wakaandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa mia kadhaa. Mwaka 1990 chuo kikafungwa. Novemba 2008 ikawa zamu ya mikopo, wanafunzi wakidai asilimia 100 kwa wote, vyuo kadhaa vikafungwa na watu wakarudishwa nyumbani.

Ukiangalia vizuri utaona madai yanabadilika. Ile ya zamani ilikuwa siasa ya nchi, ya sasa ni tumbo na kitanda. Ila namna ya kukosea kwa wakubwa haijabadilika sana: wanakaa kimya mpaka watu wamejaa Revolution Square, ule uwanja wa mikutano ya wanafunzi pale Mlimani, halafu wanajibu kwa tangazo la kutaka watu waondoke ndani ya saa kadhaa. Mei 2016 pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi waliambiwa waondoke kwa notisi ya siku moja, sio kwa kosa lao, walimu walikuwa wamegoma kufundisha. Vijana wadogo na mabegi yao stendi ya Dodoma hawana nauli. Hata kama uamuzi wenyewe ungekuwa sahihi, kuna mtu alipaswa kuuliza wanaondokaje na wanalala wapi, na huyo mtu kikazi ni wa ofisi yetu.

7. Kiongozi mzuri wa ofisi hii nitamtambuaje?

Matangazo yake yanatoka mapema na yana tarehe. Hamna "hivi karibuni". Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) likichelewa anawaambia limechelewa wapi na lini atawapa taarifa nyingine. Anatembea mabwenini jioni bila msafara. Anajua bei ya ugali maharage cafeteria. Mengine ni mbwembwe.

## Hela

8. Bumu ni shilingi ngapi na linatosha?

Hela ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku mpaka mwaka wa masomo 2022/23 ilipopanda kuwa 10,000. Inakuja kwa mkupuo, kwa hesabu ya siku 60 ni 600,000. Kuna na hela ya vitabu na viandikio 200,000 kwa mwaka, na za mafunzo kwa vitendo kama kozi yako inazo.

Kama uko bwenini inatosha ukijibana. Kama uko mtaani Dar, toa kodi, toa nauli, toa bando, uone kinachobaki kwa siku. Na wengi tunaowaona hawali hiyo hela peke yao, wanatuma nyumbani. Mdogo wake yuko fomu tatu anamtumia ada. Hili halipo kwenye bajeti ya mtu yeyote, na ukimuuliza mwanafunzi hela imeenda wapi atakujibu "nimetumia tu" kwa sababu anaona aibu kusema, kwa hiyo usiwe mwepesi wa kuwaita watu wafujaji.

9. Bumu likichelewa kwa nini watu wanakuja kwa Mshauri wakati hela ni ya Bodi?

Kwa sababu Bodi iko mbali na Mshauri yuko hapa. Hela inatoka Bodi, lakini kabla haijatoka chuo kinatakiwa kuthibitisha kwamba wewe upo, umesajiliwa, na umefaulu kuendelea, halafu wewe mwenyewe unasaini. Kuchelewa kunaweza kuwa sehemu yoyote hapo: idara hawajapeleka matokeo, namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, hujasaini, au kweli Bodi haijaachia.

Kabla hujaja, ingia kwenye akaunti yako ya SiPA, ile ya mtandaoni ya Bodi, uone imeandika nini, nusu ya foleni ya Jumatatu ingeisha hapo. Ile foleni ni ya kuiona: saa moja na nusu ofisi haijafunguliwa watu wameshajiandika majina kwenye karatasi ya daftari iliyobandikwa mlangoni, namba 1 mpaka 84, anayeisimamia kajiteua mwenyewe, na ukijaribu kupita mbele ndio utajua serikali ya wanafunzi ipo. Siku kama hiyo Mshauri akitoka nje akasimama kwenye ngazi akasema ukweli kwa dakika tano, hata ukiwa mbaya, watu wanatawanyika. Akijifungia ndani, ikifika saa sita kuna nyimbo.

10. Nimekosa mkopo, au nimepewa asilimia kidogo sana. Mnaweza kunisaidia?

Kukupa hatuwezi. Kukusaidia kukata rufaa tunaweza. Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kutoa orodha zake na inafanyika kwenye mtandao, na mara nyingi rufaa inaanguka kwa vitu vidogo, cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa na RITA (wakala wa vizazi na vifo), fomu haina mhuri wa serikali ya mtaa, jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni tofauti na la cheti cha fomu nne. Waliotoka Zanzibar waangalie pia bodi ya kwao, ZHELB.

Bodi hii imeanza kazi Julai 2005 na sasa hivi inahudumia zaidi ya wanafunzi laki mbili kwa mwaka, lakini waombaji nao wanaongezeka, na tangu 2023/24 kuna na stashahada kwenye baadhi ya fani. Wanaokosa wote sio kwamba hawana shida. Kwa hiyo muulize Mshauri wako kama chuo kina mfuko wake wa dharura, kazi za muda maktaba au cafeteria, au utaratibu wa kulipa ada kidogo kidogo. Vyuo vingi vinao na havitangazi, na hili linanikera kwelikweli, unaweka mfuko wa kusaidia watu halafu unauficha ili usiishe.

11. Nimekopa kwenye app na sasa wanawatumia watu wangu meseji. Nifanye nini?

Miaka ya nyuma swali hili halikuwepo, sasa hivi linakuja kila wiki. Kuna binti wa mwaka wa pili alikaa mbele ya meza yangu simu ameiweka kifudifudi, kila baada ya muda inatetemeka juu ya meza. Alikopa elfu arobaini. Meseji zimeshafika kwa baba mdogo, kwa mchungaji wake, kwa CR (kiongozi wa darasa), mpaka kwa mama anayemuuzia chipsi, zote zinasema fulani ni tapeli mwambieni alipe, na picha yake imewekwa. Hajaenda darasani wiki nzima, sio kwa sababu ya elfu arobaini, kwa sababu ya aibu.

Kwanza acha kukopa app nyingine ili ulipe hiyo, ndiyo mwanzo wa kuzama. Pili tunza ushahidi, piga picha meseji zote. Tatu angalia kama mkopeshaji ana leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, na kumsambazia mtu taarifa zake kwa watu wengine ni kosa kwa ile sheria niliyoitaja swali la 5. Nne, waambie mwenyewe wale watu muhimu kabla hawajaambiwa, meseji moja fupi inatosha. Na mnaobeti kwa hela ya bumu mkitegemea mkeka ulipe kodi, mnajijua.

## Malazi

12. Kwa nini vyumba havitoshi kila mwaka?

Kwa sababu udahili umekua haraka kuliko majengo, jibu refu halipo. Pale Mlimani Aprili 2017 zilifunguliwa zile hosteli za Magufuli, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, ilikuwa nafuu kubwa sana, na bado wanaobaki nje ni wengi. Kawaida kipaumbele wanapewa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu, wagonjwa wenye barua ya daktari, na wageni wa nje ya nchi. Mwaka wa pili na wa tatu wanajitegemea.

Mtu akikuuzia nafasi ya kitanda, hata kama ni mwanafunzi mwenzako, hata kama anasema ana mtu ofisini, ripoti. Nafasi zinauzwa, tusidanganyane, na ofisi inayokataa kwamba zinauzwa ndiyo inayozilinda.

13. Nimebebwa na rafiki yangu chumbani. Nikikamatwa?

Kikanuni wewe unatolewa na yeye anaweza kupoteza chumba. Kiuhalisia kubebana, yaani kulala chumba ambacho hukupangiwa, kupo kila bweni, chumba cha watu wanne wanalala saba, godoro linasimamishwa ukutani asubuhi, maji hayatoshi, choo kinaziba. Wadeni wanajua. Mimi sipendi misako ya saa kumi usiku, inafedhehesha watu na baada ya siku mbili wote wamerudi. Ukweli unaotakiwa kusemwa kwa utawala ni kwamba idadi ya wanaobebwa ndiyo idadi ya vitanda tunavyodaiwa. Ila ikitokea moto, na bwenini pasi na majiko ya umeme mnayo, kujua nani yuko ndani ni suala la uhai, ndio maana siwezi kukwambia endelea tu.

14. Wanaokaa mtaani ofisi inawahusu vipi?

Inawahusu sawa kabisa na wa bwenini, ila ofisi nyingi zinawasahau. Changanyikeni na Msewe kwa wa Mlimani, Ng'ong'ona kwa wa UDOM, Changarawe kwa wa Mzumbe. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita wakati bumu ni la miezi miwili. Wizi wa laptop. Njia isiyo na taa na kipindi kimeisha saa mbili usiku. Chuo hakiwezi kumpangia mwenye nyumba bei lakini kinaweza kukaa na serikali ya mtaa, kinaweza kuhamisha vipindi vya usiku, kinaweza kuwa na orodha ya nyumba zilizokaguliwa. Wewe ukihamia nenda kajitambulishe kwa mjumbe, na mwachie CR anwani yako.

## Afya na usalama

15. Mtu akija kusema amechoka kuishi, mnafanya nini? Si atashtakiwa?

Hofu hii ipo kwa sababu kweli sheria yetu ya makosa ya jinai bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini kusema unaumia sio kosa, kuja kwa mshauri nasaha sio kosa, na hakuna anayepigiwa polisi kwa kusema ana mawazo hayo. Njoo. Au mlete mwenzako, usimwache peke yake, kaa naye mpaka afike kwa mtu.

Tatizo letu kubwa ni kwamba washauri nasaha ni wachache, unakuta wawili kwa wanafunzi maelfu, na mlango wao uko kwenye korido ileile ya mikopo ambako kila mtu anakuona ukiingia. Kuhamisha mlango hakuhitaji bajeti. Wengi wanaokuja hawasemi sonona, wanasema sipati usingizi, au kichwa kinauma, au nimeacha kwenda darasani. Walimu nao wajue: aliyekosa majaribio mawili mfululizo bila sababu apigiwe simu kabla ya kuandikiwa sifuri.

Bima ya NHIF ya mwanafunzi ni 50,400 kwa mwaka na unatakiwa uwe nayo hata kama unajiona una afya ya chuma.

16. Mwalimu ananitaka kimapenzi na ameshika matokeo yangu. Nikiripoti si ndio nitafelishwa kabisa?

Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwa hiyo sio "mambo ya watu wazima wawili". Unaweza kwenda dawati la jinsia la chuo, kwa Mshauri, au moja kwa moja TAKUKURU, simu 113 ni bure. Tunza meseji, usifute hata zile ulizojibu kwa upole, watu wengi wanajibu kwa upole kwa sababu ya woga na hilo linaeleweka.

Kuhusu kufelishwa, hoja yako ni ya kweli na haijibiwi kwa kukwambia jiamini. Inajibiwa kwa utaratibu: omba mtihani wako usahihishwe na mtu mwingine na ombi hilo liwe la maandishi. Kiongozi wa ofisi hii anayekwambia "mwanangu vumilia umalize" mpite, panda juu yake.

## Nidhamu na siasa

17. Nimeitwa kamati ya nidhamu. Haki zangu ni zipi?

Uambiwe kosa lako kwa maandishi na mapema, usikilizwe, ulete mashahidi, aliyekushtaki asiwe ndiye anayekuhukumu, upewe uamuzi kwa maandishi, na ukate rufaa. Usije umejazwa hasira na grupu la WhatsApp. Na usisaini maelezo ambayo hujayasoma, hata ukiambiwa ni utaratibu tu.

18. Siasa za vyama zinaruhusiwa chuoni?

Wewe kuwa mwanachama wa chama chochote ni haki yako. Chama kufungua tawi ndani ya chuo hakiruhusiwi. Katikati ya hayo mawili kuna ukungu mkubwa, kuna seneti ya vyuo ya UVCCM (umoja wa vijana wa CCM), kuna CHASO ya Chadema, na uchaguzi wa serikali ya wanafunzi kila mtu anajua nani kadhaminiwa na nani.

Msimamo wangu: Mshauri akizuia fulana za chama kimoja azuie za vyote, akiruhusu mgeni wa upande huu aruhusu wa upande ule. Akionekana anachagua, siku ya tatizo halisi hakuna atakayemwamini, hata akisema kweli.

## Mambo yasiyo ya kawaida

19. Nimepata ujauzito katikati ya mwaka, natakiwa kuacha?

Hapana. Unaweza kuendelea, au kuahirisha kwa barua ukarudi mwaka ujao. Kinachowaponza wengi ni kuondoka kimya kimya, mfumo unakuhesabu umetoroka na kurudi inakuwa kesi. Andika barua kwanza, na kama una mkopo mjulishe afisa mikopo ili mkopo usimamishwe vizuri.

20. Mimi ni mgeni, nimetoka Burundi, Kongo au Kenya. Naanzia wapi?

Ofisi hiihii, kwenye dawati la wanafunzi wa kimataifa kama lipo. Kibali cha ukaazi kwa mwanafunzi ni daraja C na chuo ndicho kinakuandikia barua, anza mapema sana, usingoje wiki ya mtihani. Kiswahili chako cha Bukavu au cha Bujumbura kitachekwa kidogo wiki ya kwanza, zoea tu, mwisho wanaanza kukuiga.

21. Mwenzetu amefariki akiwa chuoni, nani anafanya nini?

Anayempigia mzazi simu awe mtu mmoja, Mshauri au aliyemteua, na apige kabla picha hazijasambaa kwenye magrupu. Hili nawaomba sana, kuna mama alijulia msiba wa mwanae kwenye status ya mtu. Baada ya hapo chuo kwa kawaida kinashughulikia hospitali, sanduku na usafiri mpaka nyumbani, wenzake wanachanga na kuchagua wawakilishi wa kusindikiza. Vitu vyake chumbani vinaorodheshwa mbele ya mdeni na mwanafunzi mwenzake, vinafungwa, vinakabidhiwa kwa ndugu kwa saini.

22. Nimeandika barua kwa Mshauri wiki mbili zimepita sijajibiwa, niandike nyingine?

Hapana, ya pili itaanza foleni upya. Nenda na nakala ya ile ya kwanza yenye mhuri wa kupokelewa (kama hukugonga mhuri, hiyo barua haipo), muulize mama wa mapokezi faili liko kwenye meza ya nani, andika jina la huyo mtu, umfuate. Ikipita wiki nyingine, waziri husika wa serikali ya wanafunzi aipeleke kama ajenda kwenye kikao chao na Mshauri, kwa sababu vikao hivyo vina muhtasari, na kilichoandikwa kwenye muhtasari lazima kijibiwe kikao kinachofuata.